Bamvua Mwanza

Mama yangu alihamia Mwanza miaka mitatu baada ya kufa.

Habari hizo nililetewa na msomaji wangu mmoja aliyekuwa akiishi Muscat, mtu wa Tanga kama mimi, ambaye kila nilipoandika kitu kwenye blogu yangu hakukosa kuacha neno chini yake. Safari hii hakuacha neno. Aliniandikia barua pepe ya mstari mmoja: "Mdogo wangu, mbona siku hizi mama anakaanga samaki Kirumba?" Chini yake akaweka kiungo cha blogu nisiyoifahamu.

Ilikuwa mwaka 2012. Nilikuwa kazini Dar es Salaam, saa ya chakula cha mchana, sahani ya wali maharage mbele yangu. Nikafungua. Aya ya kwanza ilikuwa yangu. Ya pili yangu. Nilishuka nayo mpaka mwisho kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani akakuta vyombo vyake vimepangwa kabatini: vikombe ni vilevile, hata sufuria iliyobonyea ubavuni ni ileile, ila dirisha linatazama upande mwingine.

Nilichokuwa nimeandika mimi, mwaka 2010, kilimhusu mama. Mama alikuwa mkaanga samaki. Kwa zaidi ya miaka ishirini alitoka nyumbani kwetu Ngamiani alfajiri, akashuka Deep Sea kununua vibua mnadani, na jioni akakaa barazani na karai lake akiuza. Niliandika juu ya magamba yaliyomganda mkononi yakang'aa kama saa ya fedha. Niliandika alivyokuwa akiikung'uta kanga yake mara tatu kabla ya kuingia ndani, na alivyojua maji ya bahari yamefika wapi bila kwenda pwani wala kutazama kalenda, amekaa zake tu anapepeta mchele. Na niliandika juu ya usiku wake wa mwisho hospitalini, mwaka 2009, alipofumbua macho akauliza: "Maji yanajaa au yanapwa?"

Kwa asiyekaa pwani, niseme kidogo. Maji yakiwa yamepwa, mashua hubaki mbali, na samaki huletwa kichwani, watu wakikanyaga tope mwendo mrefu. Yakijaa, mashua husogea karibu na kazi huwa nyepesi. Mkaanga samaki huuliza swali hilo kama wewe unavyouliza kama basi limeshapita. "Yanajaa, mama," ndivyo nilivyoandika kwamba nilimjibu, ingawa usiku ule yalikuwa yanapwa. Maandishi yaliishia hapo, na ni hapo watu walipolia. Maoni yalifika sitini na kitu. Kwa blogu ya Kiswahili ya mtu asiyeweka picha za harusi, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Binti wa Mwanza, nitamwita hivyo, alifanya kazi yake kwa uangalifu kuliko wezi wengi niliowaona. Ngamiani aliigeuza Kirumba. Deep Sea ikawa Mwaloni. Vibua wakawa sato. Jina la mama alilibadilisha, na baraza aliifanya mlango. Kichwa changu, "Maji Yanajaa", alikitupa akaweka "Machozi ya Mwana", na hilo, nakiri, lilinikera kuliko wizi wenyewe.

Lakini maji aliyaacha. Mama wa Kirumba naye alijua maji yamejaa au yamepwa bila kuyaona. Naye alihesabu kwa vidole siku za bamvua na siku za maji mafu. Na kwenye kitanda chake cha mwisho, mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote, alifumbua macho akauliza kama Ziwa Victoria linajaa au linapwa. Ziwa Victoria halijai wala halipwi, si kwa namna ya kumfanya mkaanga samaki aulize akiwa anakata roho. Bamvua ni neno la watu wa pwani. Kirumba lilifikishwa siku ile, kwa wizi.

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti mpaka mwenzangu wa meza ya pili akageuka. Kisha nikashuka kwenye maoni. "Pole sana dada, umeniliza." "Mungu amlaze mama mahali pema." "Nimempigia mama yangu simu baada ya kusoma." Zilikuwa nyingi, na mwandishi alikuwa amejibu karibu zote: asante, amina, asante. Kicheko kikaisha. Maneno angeweza kuyachukua, nilikuwa na mengine. Zile pole ndizo zilizonichoma. Mtu alikuwa amekaa kwenye mkeka wa msiba wangu, anapokea mikono.

Nilianza kublogu mwaka 2007, kwenye kafe ya intaneti karibu na kituo cha basi, nikilipia kwa nusu saa na kuandika kwanza kwenye daftari ili nisipoteze dakika. Siku zile tulikuwa wachache kiasi cha kufahamiana kwa majina. Ndesanjo Macha, aliyekuwa akiandika Jikomboe, alikuwa ameshazipa blogu jina la gazeti tando, na wengine wetu tuliamini kweli kwamba tunachapisha magazeti. Tulisalimiana, tulipeana pole, tulitaniana. Na tuliibiana, ila mwanzoni hatukuita wizi. Shairi la mtu ulilikuta kwenye ukurasa wa mwingine, chini limeandikwa "Chanzo: mtandao", kana kwamba mtandao ni mzee fulani mwenye busara anayekaa kijijini na kutunga. Wenye blogu za picha walianza kupiga mihuri ya anwani zao katikati ya picha, kwenye uso wa bibi harusi, mpaka ikawa humwoni bibi harusi unaona anwani tu. Mmoja wetu aliweka kizuizi ili mtu asiweze kubofya na kunakili. Baada ya wiki alikiondoa, kwa sababu mama yake mkwe alilalamika hawezi kunakili mapishi.

Na kulikuwa na kuiga, ambako hakukamatiki. Yupo mtu aliyeanza kufungua maandishi yake kama mimi, kwa kutaja kwanza kilichokuwa jikoni. Yupo aliyemaliza kila kitu kwa swali, kama mwenzetu mmoja wa Arusha. Watani walisema kati ya kuiga na kuiba kuna herufi moja tu. Sikuwahi kumsema aliyeniiga mimi, na sababu yake haikuwa wema. Miezi yangu sita ya mwanzo mimi mwenyewe nilikuwa nikimwiga dada mmoja aliyeishi ughaibuni, ambaye sentensi zake nilizipenda kupita kiasi. Alipenda kuanza kwa baridi. Siku moja niliandika kwamba nimejifunika blanketi, nimeshika kikombe cha chai, natazama nje kunavyonyesha taratibu. Nilikuwa Buguruni, mwezi wa pili, fulana imenilowa mgongoni. Hakuna aliyeniuliza blanketi lilitoka wapi. Kwa hiyo nilipoona bamvua Mwanza, sehemu ya kicheko changu ilikuwa ya mtu anayemtambua ndugu yake.

Ila kuiga sauti ya mtu ni kitu kimoja, na kumchukua mama yake ni kingine. Ndivyo nilivyojiambia.

Niliacha maoni kwenye ukurasa wake, kwa adabu: haya ni maandishi yangu, tafadhali weka jina langu au ondoa. Baada ya saa moja hayakuwepo. Nikaacha mengine, adabu imepungua. Yakafutwa. Nikasoma Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nikafurahi kuona kwamba kazi inalindwa tangu siku ilipoandikwa, si lazima uwe umeisajili popote. Kisha nikakaa nikijiuliza mwanasheria atataka shilingi ngapi kumfuata binti Mwanza kwa sababu ya karai la vibua.

Nikafanya kilichokuwa kikifanyika siku zile. Nikamwanika. Niliweka aya zangu upande mmoja na zake upande wa pili, nikapigia mstari bamvua, nikaweka kiungo cha blogu yake na kuandika juu: "Mwizi wa Misiba". Niliandika vizuri. Hasira hunisaidia kuandika. Wasomaji wangu wakacheka, kisha wakamwendea. Kufika usiku ukurasa wake ulikuwa umejaa matusi, mengine ya kumtukana mama yake mzazi, marehemu au hai, hawakujali. Mtu mmoja alitafuta picha yake akaibandika. Mimi sikutukana. Nilikuwa nikirudi kila baada ya dakika kumi kuangalia idadi imefika ngapi.

Siku ya tatu aliniandikia.

Alianza na shikamoo. Alisema ni mwanafunzi, na kwamba maandishi ameshayaondoa, na ni kweli alikuwa ameyaondoa. Alisema anaomba nami niondoe yale ya kwangu, kwa sababu mama yake hajafa. Mama yake yuko hai, aliolewa mkoa mwingine yeye akiwa darasa la pili, na hawaonani sana. Sasa jirani amemfikishia kwamba binti yake amemzika kwenye kompyuta. Halafu sentensi moja ambayo nimeikumbuka hivyo hivyo ilivyokuwa: "Nilisoma ya kwako dada nikatamani na mimi niwe na mama wa kumlilia."

Ningependa kusema kwamba nililainika. Nilimjibu kwa mistari miwili. Nilimwambia mama wa kumlilia hapatikani kwa kopi na pesti, na kwamba chapisho langu litabaki. Nilijiona nimesema kitu kizito. Nilimsomea mwenzangu wa meza ya pili akasema, umempiga hapo.

Idd ile nilikwenda Tanga. Kwa dada yangu mkubwa ndiyo nyumbani sasa. Yeye ndiye aliyerithi karai, na mahali pa mama barazani, na wateja. Nilimkuta uani kwenye kibao chake anapara samaki, nikavuta ndoo nikakaa nimsimulie. Nilikuwa nimeshaisimulia habari hii mara nyingi Dar es Salaam na nilijua pa kupumzika ili watu wacheke. Nilipofika kwenye ziwa kupwa, nikapumzika. Dada hakucheka. Aliendelea kupara, magamba yanaruka.

"Hayo ya maji," akasema, "nani alikuwepo?"

"Wapi?"

"Hospitali. Usiku ule. Nani alikuwepo?"

Sikumjibu. Jibu tulikuwa nalo wote wawili. Mimi nilikuwa Dar es Salaam usiku ule. Nilipanda basi la asubuhi, na simu iliyoniambia imekwisha niliipokea njiani, kabla ya Segera. Tulizika alasiri. Habari ya maji dada alinisimulia siku ya pili ya msiba, chumba cha ndani, wanawake wengine wamelala, mdomo wake ameuziba na pindo la kanga ili sauti isitoke. Alinisimulia mara moja tu.

"Nilikuambia wewe," akasema. "Sikuwaambia watu wa Muscat."

"Dada, alikuwa mama yangu pia."

"Nani kasema si mama yako? Mwandike mama mpaka wino ukauke. Lakini umeandika wewe ndiye uliyemwambia yanajaa." Aliweka kisu chini. "Mimi ndiye niliyemdanganya mama anakufa, mdogo wangu. Mimi ndiye ninayeamka nalo. Wewe ukalichukua, ukaliweka huko, watu wakakupa pole."

Nikamuuliza ameyasomea wapi. Akasema mwanawe alimchapia kwenye karatasi, zamani, mwaka uleule nilioandika. Alikuwa amekaa nayo miaka miwili.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Wewe ndiye msomi."

Akachukua kisu akaendelea. Jioni tulikula pamoja, tukaongea mambo ya ada za watoto. Dada yangu si mtu wa kununa. Ingekuwa afadhali.

Nitasema jinsi ilivyotokea, kwa sababu haikutokea kwa bahati mbaya. Nilipokuwa naandika mwaka 2010, rasimu ya kwanza ilisema: dada akamwambia yanajaa. Niliisoma nikaona inachechemea. Mimi niliyekuwa nimemtazama mama ukurasa mzima, magamba yake, kanga yake, hapo mwishoni nageuka mtu wa kusimuliwa, nimesimama kwenye basi Segera. Nikafuta "dada akamwambia", nikaandika "nikamwambia". Sentensi ikasimama. Nilihisi ile raha ndogo ambayo kila mwandishi anaijua, ya neno kukaa mahali pake. Sikumfikiria dada hata kwa dakika moja. Binti wa Mwanza alibadilisha majina ya mitaa na samaki. Mimi nilibadilisha kiambishi kimoja.

Na sheria ile niliyoisoma kwa furaha iko upande wangu. Sheria hulinda namna jambo lilivyoandikwa, haimlindi mtu aliyetokewa na jambo. Sentensi zilikuwa zangu, kila moja. Dada, ambaye alikuwa na usiku mzima wa kweli, kisheria hakuwa na kitu.

Niliporudi Dar es Salaam niliondoa "Mwizi wa Misiba". Nilimwandikia yule binti barua nyingine, ya kuomba radhi, ndefu mno, ambayo haikujibiwa, na blogu yake baadaye ikawa haifunguki. "Maji Yanajaa" sikuigusa. Ningeweza kurudisha kiambishi. Ilikuwa kazi ya sekunde kumi. Nilifungua ukurasa wa kuhariri mara kadhaa. Kila mara nilijiambia kwamba maoni sitini na kitu yameshaandikwa kwa kuamini ilivyo, na nikibadilisha sasa watu watashangaa. Ukweli ni kwamba nilikuwa naipenda ile sentensi.

Mwaka 2018 zilikuja kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni, zikataka kila mwenye blogu Tanzania asajiliwe: shilingi 100,000 za maombi, kisha leseni ya shilingi 1,000,000. Wenye blogu kubwa za habari walipiga hesabu. Sisi wa karai la vibua hatukuwa na hesabu ya kupiga. Wengine walifunga tu, wakaziacha blogu zao gizani. Mimi, usiku mmoja wa mwezi wa sita, nilifuta yangu kabisa. Ningekuwa mkweli nusu nikisema nilifuta kwa ajili ya ada. Miaka kumi na moja ya maandishi ilikwenda, na nilipobonyeza mara ya mwisho nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyechoma barua. Nilidhani nina nakala kwenye kompyuta ya zamani. Kompyuta ya zamani ilikuwa imeshapewa mpwa wangu, naye alikuwa ameshaisafisha ili aweke sinema.

Sikuyatafuta maandishi yale mpaka mwaka huu, nilipotaka kuandika hiki mnachosoma. Nilimpigia dada nikamuuliza kama ile karatasi ya mwanawe bado anayo. Alicheka sana. "Ile? Ilishafungia vibua zamani."

Nikaandika kwenye simu maneno machache niliyoyakumbuka, magamba, saa ya fedha, yanajaa, yanapwa, nikatafuta. Ikatokea. Kabla binti wa Mwanza hajafuta, tovuti mbili tatu za kukusanya hadithi za mapenzi na simanzi zilikuwa zimeshamchukulia naye, na moja bado iko hai, katikati ya matangazo ya dawa za kupunguza tumbo. Hakuna jina la mtu. Chini imeandikwa: "Chanzo: mtandao". Nilikaa kitandani nikamsoma mama yangu akiwa Kirumba, anauza sato, mlangoni badala ya barazani. Hakuna nakala nyingine duniani. Nilikuwa nimesahau kwamba niliandika mama alikuwa anahesabu chenji kwa kuimba. Nilikuwa nimelisahau kabisa hilo, na mwizi akanitunzia.

Utendi wa Mwana Kupona, ambao mama mmoja wa Pate alimtungia binti yake mwaka 1858, umetufikia kwa sababu watu waliunakili kwa mkono, tena na tena. Najua hao hawakuondoa jina lake wakaweka lao. Silinganishi. Lakini usiku ule nilinakili aya moja baada ya nyingine kutoka kwenye ile tovuti ya dawa za tumbo, nikamrudisha mama Ngamiani, sato nikawafanya vibua, mlango nikaufanya baraza, na nilipofika mwisho nikaona kwamba kiambishi changu bado kipo palepale. Binti wa Mwanza hakuwa na sababu ya kukigusa.

Sikuendelea. Nilimtumia dada ujumbe nikamuuliza kama ananiruhusu kuandika usiku ule jinsi ulivyokuwa, yeye akiwa yeye.

Alikaa siku nne kimya. Siku ya tano ulikuja ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Unaanza na mafuta yanachemka kwenye karai, mteja anauliza wa elfu moja wangapi, dada anamjibu, kisha anaanza bila salamu. Anasema mwuguzi alikuwa ametoka. Anasema taa ya kwenye korido ilikuwa inawakawaka. Anasema mama alimshika kidole, si mkono, kidole hiki cha shahada, akauliza maji yanajaa au yanapwa. Yeye hakuwa anajua. Alikuwa hajatoka hospitali siku mbili. Akasema yanajaa, mama.

Hapo katika ujumbe anaacha kusema. Mafuta yanasikika peke yake muda mrefu, na nikadhani simu imekatika.

"Hiki sikukuambia," anasema. "Mama alinitazama, akasema, 'Mwongo wewe.' Hivyo tu. Hakukasirika. Unamjua, alikuwa anajua maji yako wapi hata amefungiwa kabatini. 'Mwongo wewe.' Halafu akasema, haya, lala kidogo, umechoka. Nikalala, mdogo wangu. Nililala kweli."

Nilimpigia. Nikamuuliza hilo nalo naweza kuliandika.

Mteja mwingine alikuwa amefika, nilimsikia anachagua. Dada alimfungia, akapokea hela, akarudi kwenye simu.

"Andika," akasema. "Lakini andika aliyeitwa mwongo ni mimi."